Siku Sita za Kubandua Rangi

Kazi inayonipa riziki ni ukadiriaji majenzi. Kwa zaidi ya miaka kumi na tano nimekuwa nikihesabu matofali, nondo, mifuko ya saruji na siku za mafundi kabla nyumba haijainuka, na nimezoea kuwaambia wateja wangu kwamba makadirio yasiyo na vipimo ni ramli. Naandika habari hii nikiwa na haya kidogo, kwa sababu nilipolinunua gari langu la zamani, Peugeot 404 la mwaka 1967, kutoka kwa familia moja ya Upanga, hapa Dar es Salaam, nilikubali bei ya matengenezo ya bodi kutoka kwa mtu aliyelizunguka gari mara moja tu, mikono mfukoni, bila kuinama hata kidogo kutazama chini yake.

Bei yenyewe ilikuwa shilingi 2,500,000 kwa gari zima, “mpaka ling'ae”. Kwa kuwa sikuwa na fedha zote mkononi, tulikubaliana aanze na madigadi ya mbele ya upande wa kulia kwa shilingi 350,000. Ilitoka nzuri kweli, nikaipiga picha nikawatumia mashemeji. Masika ilipopita, rangi ile ikaanza kutoa malengelenge kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto, na nilipobonyeza moja kwa kidole lilitoa maji ya rangi ya chai. Nikakwangua kwa bisibisi. Chini ya rangi kulikuwa na puti yenye unene wa kidole, imebandikwa moja kwa moja juu ya kutu, na nyuma ya kutu hiyo hapakuwa na chuma tena bali tundu lililozibwa kwa kipande cha gunia.

Puti ni utomvu wa poliesta uliochanganywa na unga wa talki, nayo ina kazi yake halali: kusawazisha mabonde madogo juu ya chuma kisafi, kwa unene usiozidi milimita 3 hivi. Haikutengenezwa kuziba matundu, na isipofunikwa sawasawa hunywa maji. Nilikasirika sana siku ile, lakini hasira ilipotulia nililazimika kukiri kwamba fundi hakunidanganya kwa kiwango nilichodhani. Nilimuuliza bei ya kung'aa, akanipa bei ya kung'aa.

Nikaanza upya. Gereji moja kubwa yenye chumba cha kupulizia rangi ililipokea gari kwa heshima zote, ikajaza fomu ileile inayotumika kwa magari ya bima yaliyogongwa, na kunipa makadirio ya shilingi 14,000,000. Kati ya bei ya kwanza na ya pili kulikuwa na tofauti ya zaidi ya mara tano. Katika zabuni za majengo, nikiona pengo la namna hiyo sijiulizi nani ghali na nani rahisi; najua kwamba wazabuni hawakuwa wakihesabu kazi moja. Mmoja alihesabu puti na rangi. Mwingine, kwa kuwa hakujua atakachokikuta, alihesabu woga wake mwenyewe na kuuweka kwenye kila mstari wa fomu.

Kabla sijafika kwa fundi wa tatu, niseme kidogo kuhusu gari lenyewe, maana aina ya bodi ndiyo inayoamua kutu itagharimu kiasi gani. Peugeot 404, ambalo wengi wetu hapa mjini tunaliita Pijo, lilitengenezwa nchini Ufaransa kuanzia mwaka 1960 hadi 1975, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Wazee wa Dar es Salaam hawalikumbuki kwa sababu ya Pininfarina bali kwa sababu ya mbio za Safari za Afrika Mashariki: lilishinda mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968, na aliyeshinda mwaka 1966 na 1967 alikuwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania. Pininfarina huyohuyo alichora pia Morris Oxford ya miaka ile, yenye mapezi ya nyuma yanayofanana sana na ya 404, na ndiyo maana dalali mmoja wa Ilala aliniapia kwamba ana mlango wa Pijo halisi, nami nikapoteza Jumamosi nzima kwenda kuutazama mlango wa Morris.

Jambo la maana kwa mfuko ni kwamba 404 halina chasisi, yaani fremu ya chuma ya kubebea gari, iliyo peke yake. Bodi ndiyo chasisi. Sakafu, vizingiti vya chini ya milango, nguzo za vioo na kuta za ndani za madigadi vimechomelewa kuwa kitu kimoja, na kitu hicho kimoja ndicho kinachobeba injini, abiria na shokapu. Linganisha na Land Rover za zamani, ambazo bodi yake ni ya aluminiamu iliyofungwa juu ya chasisi ya chuma: mlango uliobonyea pale ni suala la sura tu, ila chasisi ikioza, na mahali aluminiamu inapogusana na chuma kwenye unyevu wa chumvi, ndipo fedha inapokwenda. Volkswagen ya mgongo wa mviringo nayo ina madigadi manne yaliyofungwa kwa bolti, hivyo moja likioza unalifungua na kufunga jingine. Mtu akikupa bei ya “kutengeneza kutu” bila kujua ni gari la namna gani, ni sawa na kukupa bei ya “kujenga ukuta” bila kuuliza kama ni ukuta wa uzio au ukuta unaobeba ghorofa.

Fundi wa tatu nilielekezwa kwake Gerezani, na wasiolijua jiji letu wasishtuke, hilo ni jina la mtaa. Ni mzee aliyeanza kunyoosha bodi tangu enzi ambazo magari kama langu yalikuwa magari ya kawaida barabarani. Nilimpa heshima zake, nikamweleza shida, nikamwomba bei. Alichukua sumaku ndogo aliyoiviringisha kwenye kitambaa chembamba, akaanza kuipitisha taratibu kwenye bodi, kuanzia chini kwenda juu. Mahali penye chuma ilinasa, mahali penye puti nene ilianguka mkononi mwake. Kisha akagonga kwa kifundo cha kidole, akisikiliza. Akalala chini kwenye boksi, akachokonoa vizingiti kwa bisibisi. Kwenye sehemu mbili bisibisi ilizama yote. Akainua gari kwa jeki upande wa kulia, akafungua mlango wa mbele na kujaribu kuufunga tena. Mlango ukagoma, ukawa unagusa chini karibu na kitasa. Alipoishusha jeki, ukafunga vizuri.

“Umeona?” akaniuliza. “Hapa bodi imechoka. Ukiinua inapinda.”

“Sasa Mzee, ni shilingi ngapi yote?”

“Mwanangu, gari sijaliona bado. Nimeona rangi.”

Alichokubali kunipa ni bei ya kulifungua tu: siku sita za kazi, yeye na saidia fundi wake, kutoa viti, zulia, vioo vya mbele na nyuma, bampa na urembo wote, kisha kubandua rangi na puti mpaka chuma kionekane mahali popote sumaku ilipoanguka. Yeye shilingi 40,000 kwa siku, saidia fundi 20,000, na shilingi 40,000 za brashi za waya na disku. Jumla shilingi 400,000. Baada ya siku hizo sita, alisema, tutakaa pamoja tuhesabu, na kama bei itanishinda nitalichukua gari langu likiwa limefunguliwa, bila lawama.

Nilisimama pale nikijiona mjinga. Hakuna mteja wangu hata mmoja ambaye ningemruhusu kusaini mkataba wa msingi wa nyumba katika bonde kama la Msimbazi bila kwanza kuchimba mashimo ya majaribio na kuujua udongo. Mashimo hayo yanalipiwa peke yake, na hakuna anayeyaona kuwa hasara, hata pale yanapomfanya mtu aghairi kujenga. Lakini kwa gari nilitaka bei ya nyumba nzima kwa kutazama majani yaliyoota juu ya kiwanja.

Siku zile sita zilikuwa elimu. Gari lilikuwa limeegeshwa kwa miaka chini ya mti wa mkungu, na majani ya mkungu, kama ajuavyo kila aliyewahi kufagia ua wa Upanga, ni mapana na hayaishi. Yalikuwa yamejaa kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, yakaoza na kuwa udongo mweusi, yakaziba vitundu vya kutolea maji, na kila masika mfereji ule ulikaa umejaa maji kama sufuria. Chini ya udongo huo chuma kilikuwa kimebaki chembamba kama kaki. Gari langu lina pia dirisha la paa, ambalo maji yake hutolewa kwa vimirija vinavyoshuka ndani ya nguzo. Vimirija vilipoziba, maji yakawa yanamwagikia ndani ya vizingiti, yakalala humo. Kikulacho ki nguoni mwako: kutu iliyolila gari hili haikutoka barabarani, ilitoka ndani ikielekea nje, na ilipoanza kuonekana kama lengelenge dogo kwenye rangi ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana huinua rangi na kuachanisha maungio ya bati yaliyobanana.

Na chumvi nayo ipo. Mwenye gari wa awali alikuwa akifanya kazi Kigamboni, akivuka na pantoni kwenda na kurudi miaka mingi kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2016. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi kuliko ya mvua, na kutu ni mchezo wa umeme mdogo juu ya chuma, kwa hiyo chumvi iliyoganda chini ya sakafu huendelea kula hata gari likiwa limepumzika. Kwenye kizingiti cha kushoto tulikuta tabaka tatu: mabaki ya kizingiti cha kiwandani, juu yake kipande cha debe la mafuta ya kula kilichopigwa ribiti, maandishi yake yakiwa yanasomeka vizuri tu, na juu ya debe hilo puti. Nilitaka kulitunza lile debe. Mke wangu alikataa lisiingie ndani.

Siku ya saba tuliketi na daftari. Hapa ndipo nilipoweza kufanya kazi yangu, maana sasa palikuwa na vitu vya kupima. Sikumuuliza mzee bei ya kila sehemu, nilimuuliza siku. Mafundi wengi ukiwauliza bei watatazama viatu vyako kabla ya kujibu, lakini ukiwauliza kipande hiki kitachukua siku ngapi, mtu anayejua kazi hujibu kwa ukweli wa mikono yake, na asiyejua hujulikana palepale. Vizingiti viwili, ndani na nje, siku kumi. Sakafu ya mbele pande zote mbili, siku nne. Matao ya magurudumu ya nyuma, siku tano. Mfereji wa chini ya kioo, siku nne. Milango miwili iliyooza chini, siku nne. Sakafu ya buti, siku mbili. Kunyoosha, puti nyembamba, praima (rangi ya kwanza ya chini) na msasa kwa gari zima, siku kumi. Jumla siku 39, ambazo kwa shilingi 60,000 kwa siku ni shilingi 2,340,000.

Vifaa vilikuwa hadithi fupi zaidi. Shiti tatu za chuma cha geji 20, yaani unene wa karibu milimita 0.9, kwa shilingi 85,000 kila moja, ni 255,000. Waya wa kuchomelea na gesi, 300,000. Disku, msasa, puti na praima, 180,000. Rangi yenyewe pamoja na hadina ya kuigandisha na tina ya kuizimua niliiwekea 900,000, na fundi wa kupuliza, ambaye ni mtu mwingine kabisa, 600,000. Yote hayo, pamoja na zile siku 39, yalifika shilingi 4,575,000, nami kwa mazoea ya kazini nikaongeza akiba ya asilimia 20, yaani 915,000, kwa ajili ya yasiyoonekana. Mzee alipoiona akiba ile aliguna tu. Baadaye nilielewa kwamba aliiona ndogo.

Niliyataja haya yote kwa tarakimu kwa sababu watu wengi wanaoniuliza habari za gari langu huniuliza kwanza rangi ilinigharimu kiasi gani. Rangi, pamoja na mpulizaji wake, ilikuwa chini ya robo ya gharama zote. Ilipofika mwisho, karibu asilimia 70 ya fedha niliyoitoa ilikuwa ya mikono ya watu, na sehemu kubwa ya mikono hiyo ilifanya kazi ambayo sasa haionekani kabisa, imefichwa ndani ya vizingiti na chini ya zulia. Anayekupunguzia bei kwa nusu hawezi kuipunguza kwenye shiti za chuma, ambazo bei yake inajulikana dukani; anaipunguza kwenye siku, na siku zinazopungua ni zile za mahali usipopaona.

Kuna swali moja ninalolithamini kuliko maswali yote ya bei, nalo nalitoa kwa yeyote anayetaka kumpima fundi wa bodi kabla ya kumkabidhi gari lisilo na chasisi: muulize atafanya nini kabla ya kukata kizingiti. Nilimrudia fundi wangu wa kwanza nikamuuliza swali hilo, kwa udadisi tu, akajibu, “Nakata, natoa, naweka kipya.” Mzee wa Gerezani, nilipomuuliza, alinionyesha badala ya kunijibu. Alikwisha kuliinua gari juu ya magogo, akalisawazisha kwa pima maji na kamba, akachomelea vyuma vya pembe kukatiza matundu ya milango ili bodi isilegee, na akaanza upande mmoja tu, asiguse wa pili mpaka wa kwanza umekamilika na mlango umejaribiwa kufungwa. Ukivikata vizingiti vyote viwili gari likiwa limekaa hovyo, bodi hukaa kama mashua iliyolala ufukweni, na utakapochomelea vipya utakuwa umeufanya upindaji huo kuwa wa kudumu. Milango haitafunga tena, na hakuna rangi ya bei yoyote itakayoificha.

Vilevile tazama namna anavyochomelea. Bati la bodi ni jembamba, moto ukizidi mahali pamoja linatanuka na kujikunja, na bonde linalozaliwa hapo hudai siku nyingine ya kunyoosha au puti nyingine. Mzee alikuwa akichoma nukta moja hapa, nyingine huko mbali, akiacha ipoe, akirudi kujaza katikati, mpaka saidia fundi akawa anasinzia. Palipojikunja, alipasha moto kidoa kidogo kikawa chekundu, akakigonga taratibu huku amekinga kwa chuma upande wa pili, kisha akakizimisha kwa kitambaa chenye maji, na bati likajivuta lenyewe. Nilikaa nikitazama kazi hiyo saa nzima wakati nilikuwa na kikao cha eneo la ujenzi Tabata.

Sasa yasiyoonekana. Tulipoondoa madigadi ile ya kulia, ile ya shilingi 350,000, tulikuta ukuta unaobeba kichwa cha shokapu ya mbele umeachana kwenye maungio yake, siku tano. Ndani ya kizingiti cha upande wa dereva, chuma cha kati kilichoonekana kizima kilimeguka kilipoguswa na moto, siku sita. Mguu wa nguzo ya kioo cha mbele, siku nne. Siku tatu nyingine nilizisababisha mwenyewe, kwa kubadili mawazo kuhusu boneti baada ya kazi yake kukamilika. Siku 39 zikawa 57. Siku hizo 18 za ziada ni shilingi 1,080,000, na vifaa vyake 155,000. Ukijumlisha na zile 400,000 za kufungulia, gari lilimeza shilingi 6,210,000, nami nilikuwa nimepita akiba yangu kwa 320,000. Kwa jengo, ningejitetea mbele ya mteja. Kwa gari la miaka hamsini na zaidi, sasa ninaweka akiba ya theluthi moja, na ninaiweka kwenye siku za kuchomelea tu, si kwenye rangi, kwa maana rangi haina siri.

Nisiache kusema kwamba siku 57 za kazi si siku 57 za kalenda. Kazi ilianza Februari, masika ikatukuta katikati, na mzee akakataa kabisa kuacha chuma kitupu hata usiku mmoja: kila kipande alichokisafisha kilipakwa praima jioni ileile, kwa sababu katika hewa ya Dar es Salaam chuma kilichosuguliwa huanza kupata wekundu kabla hujarudi asubuhi. Kupuliza rangi kulisubiri hadi Julai, kwenye kipupwe, hewa ilipokauka. Rangi za zamani za kukauka haraka zikipulizwa kwenye unyevu hufanya ukungu mweupe, na hata hizi za sasa zenye hadina hazipendi mvua. Tulikodi chumba cha kupulizia kwa siku mbili, jambo ambalo mwanzoni niliona ni anasa, mpaka nilipokumbuka kunguru wa mjini kwetu na mwarobaini ambao gereji yote iko chini yake.

Kuhusu malipo, nilinunua vifaa mwenyewe, nikiongozana na mzee mara ya kwanza ili nijue shiti ya chuma isiyo na zinki ni ipi, maana bati la kuezekea lililopakwa zinki likichomwa hutoa moshi unaoumiza anayechoma na maungio yake hayawi imara. Siku za kazi nililipa kila Jumamosi kwa siku zilizofanyika. Kianzio kikubwa sikutoa, naye hakuomba. Kila jioni saidia fundi alinitumia picha mbili kwenye simu, na picha hizo ndizo ninazoziona kuwa za thamani kuliko risiti, kwa kuwa zinaonyesha ndani ya vizingiti kabla havijafungwa. Siku nikiliuza gari hili, mnunuzi atakayejua anachokitazama atazilipia.

Kama lilistahili? Nimeulizwa sana, hasa na shemeji yangu mkubwa ambaye kwa fedha ile anaona ningekuwa nimetoa kianzio cha gari la Kijapani lenye kiyoyozi. Kwa hesabu ya biashara sina jibu zuri. Ninachoweza kusema ni kwamba kama siku ya saba daftari lingesoma shilingi milioni 12, ningelichukua Pijo langu likiwa uchi kama lilivyokuwa, nikalirudisha chini ya mkungu, na hasara yangu ingekuwa shilingi 400,000. Uwezo huo wa kusema hapana ndio niliokuwa nimeununua kwa siku zile sita, na kwa fundi wa kwanza sikuwa nao, kwa kuwa puti ilikuwa imeshabandikwa.

Ndani ya vizingiti tulipulizia mafuta mazito ya kuzuia kutu kupitia vitundu vya chini, na vitundu hivyo tukavizibua baada ya rangi, kwa sababu mpulizaji alikuwa ameviziba vinne bila kujua. Wapo wanaopaka oili chafu chini ya gari. Inasaidia kiasi, lakini inalainisha mipira ya shokapu na kuchafua sakafu ya jirani, nami sikuitaka. Vimirija vya dirisha la paa navijaribu kwa kikombe cha maji kila mwaka ifikapo Machi, kabla mvua hazijaanza.

Kimebaki kitu kimoja. Mlango wa nyuma wa kushoto, sumaku ilinasa kote isipokuwa kwenye eneo la ukubwa wa kiganja karibu na ukingo wa chini. Hatukuufungua. Nimeuandikia kwenye daftari siku mbili, shilingi 120,000, na pembeni yake nimeweka alama ya kuuliza kwa kalamu ya risasi.